Hatua Tatu Nyuma

Mtu wa kwanza kunigusa bila sindano mkononi, baada ya miezi minne, alikuwa fundi viatu nisiyemjua. Alinigonga begani kwa vidole viwili, nikageuka, na kabla sijatabasamu akarudi nyuma hatua tatu. Nilimtukana mbele za watu. Nitaeleza ilivyokuwa, ila nimeona nianze hapo, kwa sababu wengi mnaokuja kukaa barazani kwangu mnaanza na neno hilohilo: "Ma Verdiana, watu wananikwepa. Nifanyeje?" Mimi si daktari. Nitakwambia tu yaliyonipata, wewe uchukue la kukufaa.

Kisiwani Goziba waliniita Redio. Nilikuwa nikinunua dagaa na sangara wa moshi huko, navusha ziwa kuleta mwaloni, gatini kwa wavuvi, upande wa Muleba, na naapa haikuwa sifa. Nilianza kuongea mtumbwi ukiwa bado umefungwa, nikamaliza tukishafika ng'ambo, na aliyetaka kulala njiani, shauri yake. Wasukuma, Wakerewe, Wajaluo, hakuna aliyenishinda kwa maneno. Ukitaka kujua Mungu ana utani, angalia aliyemchagua awe kiziwi.

Sikwenda visiwani kwa kupenda. Mume wangu, Kamugisha, aliondoka kijijini kwetu Ijumbi na wanamgambo wakati wa vita vya Uganda, siku ambazo barabara ilijaa watu wa kaskazini wanaokimbia na magodoro vichwani. Wao walikuja kusini, yeye akaenda kaskazini. Hakurudi, hata nguo zake hazikurudi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto alizaliwa vita vimekwisha, bibi yake akampa jina la Kemilembe, yaani wa amani. Bibi huyo, mama mkwe wangu Ma Paskazia, alikuwa amejaliwa mtoto wa kiume mmoja tu, huyohuyo Kamugisha. Kwa hiyo Kemi ndiye aliyekuwa mbegu yote iliyobaki katika kile kibanja cha migomba na kahawa. Likumbuke hilo, maana baadaye nilimchukia mama huyu, na hakustahili chuki yote ile.

Kemi alipotimiza miaka saba, kikohozi kilinianza. Ilikuwa masika. Nilidhani ni moshi wa samaki, nikanywa tangawizi, nikanywa majani niliyopewa na kila mwenye majani. Kahawa ilipoanza kuiva, gauni langu la kanisani lilikuwa linaweza kuvaliwa na mimi wawili. Ngazi tatu za mwaloni nilizipanda nikipumzika.

Miaka ile mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Ukimwi tuliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikitoka ng'ambo ya mpaka, na hakukuwa na wiki tusiyozika. Mimi nilikuwa mjane, mfanyabiashara wa visiwani, na nilikuwa nakohoa. Lisemwalo lipo, walisema. Baadaye sana, vipimo vilipotufikia, nilipima. Jibu sitakwambia. Anayekusogelea kwa sababu ya jibu atakukimbia kwa sababu ya jibu.

Kwetu tunakula tukiwa tumekaa chini, kwenye nyasi zilizotandikwa, na chakula kinawekwa juu ya jani la mgomba, mikono yote inakutana katikati. Siku moja Ma Paskazia alikata jani dogo, akaniwekea ndizi zangu karibu na mlango. Nilikaa nikala. Kemi aliinuka anifuate, bibi yake akamkamata gauni.

"Mtoto atabaki kwangu," aliniambia baada ya kula, akitazama nje. "Ukipona, njoo tuzungumze."

Nikaenda hospitali ya misheni. Waliponiambia makohozi yameonyesha kifua kikuu, nilicheka.

"Unacheka nini, mama?" mganga akauliza.

"Nacheka kina dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa sindano sitini, moja kila siku, leo tako la kulia, kesho la kushoto, kisha vidonge vya miezi mingi. Mimi nilihesabu maisha yangu kwa sindano. Ya kumi, nikaanza kula. Ya ishirini na tano, homa ikakata. Ya arobaini, nyenje wakaanza kulia masikioni. Nilimwuliza jirani wa kitanda mbona wadudu wa hapa hawapumziki, akaniangalia kwa huruma. Ya hamsini, nilikuwa natembea nikishika ukuta, kama mtu anayetoka kunywa rubisi kwenye harusi, na wagonjwa wenzangu wakawa wanacheka. Sikusikia vicheko vizuri. Nilidhani wamejifunza adabu, wanacheka polepole.

Kila asubuhi muuguzi aliniuliza, "Masikio vipi? Hamna kizunguzungu?" Na kila asubuhi nilijibu, "Salama kabisa, sista." Niliogopa wakikatisha sindano sitapona, na nisipopona simpati Kemi. Nimewahi kuuza samaki, uongo naujua, lakini huo ndio ulionigharimu kuliko wote. Wewe unayechomwa sindano leo, ukisikia nyenje, sema siku hiyohiyo. Wauguzi hawakunikosea, waliuliza. Mimi ndiye niliyenyamaza, mara moja tu katika maisha yangu, na nilichagua siku mbaya ya kunyamaza.

Siku ya sindano ya sitini walinipigia makofi wodi nzima. Niliyaona.

Nilikwenda Ijumbi moja kwa moja. Nilijiambia masikio yatarudi, wiki mbili, tatu, kwa nini niwape sababu nyingine ya kuninyima mtoto? Sikumwambia mtu. Sasa, kwetu mkwe hasalimii amesimama. Unapiga magoti, unainamisha macho, unasubiri mkubwa aitikie. Nikapiga magoti mlangoni, nikasalimu, nikainamisha macho, nikasubiri. Niliona nyasi. Niliona vidole vya miguu vya Ma Paskazia. Nikasubiri weee, sijui ameitikia, sijui bado. Mwishowe nikainua macho, nikakuta mdomo wake unakwenda, tena uko katikati ya habari.

Basi nikautazama mdomo ule. Ningefanya nini? Alinyamaza, nami nikazidi kuutazama, nikingoja uendelee. Uso wake ukabadilika. Hebu fikiria, mkwe yuko magotini, amemkodolea mkubwa macho kama anayemhesabia meno. Kisha nikasema, na nadhani nilipiga kelele, maana kipimo cha sauti yangu kilikuwa kimeondoka na masikio, "Mama, nimepona! Nimekuja kumchukua mtoto!"

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilipita katikati ya migomba kwenda barabarani, nimebeba aibu yangu, sikutaka mtu anione uso. Sikugeuka nyuma hata mara moja.

Vidonge nilipangiwa kuvichukua Bukoba mjini kila mwezi, kwa hiyo nikahamia kwa binamu yangu aliyeishi mtaa wa Kahororo. Alinipa chumba cha stoo na kikombe chenye uzi mwekundu uliofungwa kwenye kishikio, kisije kikachanganywa na vingine. Simlaumu, alinipa chumba. Lakini mtu akiishi na kikombe chenye uzi, hujifunza kujipunguza. Nilikaa pembeni, nikatembea pembeni, kanisani nikasimama nyuma kabisa. Nyenje nao wakanyamaza. Sasa hapakuwa na kitu kabisa.

Wiki ya tatu ikaja barua kutoka Ijumbi, mwandiko wa katekista, maneno ya Ma Paskazia. "Mtoto alikukimbilia kwenye migomba siku ile ulipoondoka. Anasema alikuita mara nne, ukampa mgongo ukaenda zako. Amelia siku tatu. Sasa hataki kusikia jina lako. Kama wewe humtaki, sisi tunamtaka. Usije tena."

Nilisoma barua ile mpaka karatasi ikalainika. Mara nne. Mwanangu alikuwa nyuma yangu, pengine mgomba mmoja tu ukitutenganisha, ananiita, na mimi natembea tu. Niliumia kuliko sindano zote sitini zikichomwa kwa pamoja. Nilitamani kupanda gari siku hiyohiyo, lakini kwenda kusema nini, na wakinijibu nisikie nini?

Ndipo ikaja siku ya vidonge. Pale kliniki majina yanaitwa. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nikiufuata mdomo wa muuguzi kama paka anavyofuata nzi. Kila aliyeinuka nilidhani ni mimi niliyeitwa. Mara mbili niliinuka, mara mbili nikarudishwa kwa ishara ya mkono. Saa tisa alasiri nilikuwa bado nimekaa, na kadi yangu najua ilishapita zamani.

Hapo ndipo yule fundi viatu akanigonga begani. Alikuwa mtu wa makamo, kidole gumba amefungwa bandeji, ana harufu ya gundi. Nilishtuka kwa raha ya kuguswa, nakiri. Nikageuka. Naye, hatua tatu nyuma, akasimama ananiangalia.

"Hata wewe!" nilipiga kelele. "Unanuka gundi hivyo, na wewe unaniogopa? Basi rudi, rudi mpaka Uganda!"

Benchi zote ziligeuka. Yeye akatabasamu, anachezesha mikono. Nikamfuata nimwonyeshe. Akarudi nyuma. Nikasogea tena, akarudi tena, mikono inakwenda. Watu lazima walidhani tunacheza ngoma. Alipofika ukutani hakuwa na pa kwenda, akatoa mfukoni chaki ya kuchorea soli, akachuchumaa, akaandika sakafuni kwa herufi kubwa: UKIWA KARIBU HUONI MANENO.

Nilisoma mara mbili. Akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye sikio langu, akainua nyusi.

Nilikaa palepale kwenye saruji nikalia, kwa sauti ambayo mimi sikuisikia wala yeye hakuisikia. Waliobaki nadhani waliisikia vya kutosha. Yeye akachukua kadi yangu, akaenda moja kwa moja kwa muuguzi, akarudi na vidonge.

Jina lake Deo. Alipoteza masikio utotoni kwa homa, akasoma shule ya viziwi mbali sana na kwetu, na alikuwa amekuja kliniki kufungwa kidole alichojichoma kwa msharasi wa kushonea viatu. Baadaye wenzake waliniambia kwamba siku ile, kwa sababu ya bandeji, alikuwa anaongea kwa kithembe cha mikono.

Kila Jumapili baada ya misa walikutana barazani kwake, hapohapo Kahororo, viziwi sita au saba. Siku ya kwanza nilikaa pembeni nilivyozoea. Mama mmoja akapiga sakafu kwa mguu mpaka nikahisi mtikisiko, akanionyesha nafasi kwenye duara, mahali ambapo wote waliniona na mimi niliwaona wote. Kisha wakaniuliza, bila kuzunguka, wengine kwa mikono, Deo kwa chaki: "Mbona umekonda? Unaumwa nini? Unaambukiza?" Jamani! Ijumbi nzima hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikatoa kadi. Deo akasoma kwamba makohozi ni safi, akawaeleza, na jani la chakula likasogezwa hadi magotini pangu. Mikono yote ilikutana katikati, na wangu ukiwemo. Nilikula ndizi zile nikimeza na machozi.

Nilijifunza polepole, mwanafunzi mzee mwenye vidole vigumu. Kwao kukugusa bega ni hodi, na kurudi nyuma ni karibu: mtu anakupa nafasi uone mikono yake na uso wake wote. Ukitaka kupita katikati ya wawili wanaozungumza, pita tu, usisimame kuinama inama na kuomba radhi, utawaziba zaidi. Tusi kubwa ni kuangalia kando mwenzako anapoongea. Na wakila hawaongei, wakiongea hawali, ndiyo maana ndizi zao hupoa. Msimu wa senene ulipoanza, tulikaa kuzunguka beseni moja kunyonyoa mabawa. Kwa wanaosikia, kazi hiyo ndiyo mahali pa umbea, mikono inanyonyoa, mdomo unasengenya. Sisi tulinyonyoa dakika tano, mmoja akakumbuka habari, wote tukaacha. Jioni senene walikuwa bado na mabawa yao.

Walinipa na jina la mikono. Deo ni misumari mdomoni, anavyoishika akigonga soli. Mimi ni kiganja kinachopiga tako la kushoto, kwa sababu Jumapili ya kwanza nilikaa upande, sindano bado zinauma. Nilipinga sana. Deo akasema majina hayapigiwi kura.

Ni Deo huyohuyo niliyemwonyesha barua ya Ijumbi. Akaisoma, akanitazama, akauliza: "Wanajua husikii?"

"Hawajui."

Akanipiga bega, safari hii kwa nguvu. "Kipofu ana fimbo, watu wanaona. Sisi tusiposema, nani atajua?"

Nilikuwa nimemchukia Ma Paskazia kwa mlango alioufunga. Kumbe mlango wa kwanza niliufunga mimi.

Nikaenda, senene wakiwa bado wapo, nimebeba kopo langu la senene wa kukaanga kama mgeni mwenye adabu. Ma Paskazia alikuwa ndani, kwenye kigoda chake cha chini, ungo wa senene magotini, ananyonyoa. Kemi alisimama mlango wa jikoni. Alikuwa amerefuka. Aliponiona alinipa mgongo, akaingia jikoni. Nilistahili.

Nilipiga magoti, nikainamisha macho. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Mama, masikio yangu yamekufa. Sindano ziliponya kifua zikaua masikio, na mimi nilinyamaza, sikuwaambia. Nikikuinamishia macho, sikusikii. Nikikutazama, nakukosea adabu. Sijui nifanye lipi. Na Kemi aliponiita, Mama, haki ya Mungu sikusikia. Angeniita mara mia nisingesikia. Akitaka kuniita anigonge bega, halafu arudi nyuma kidogo nimwone uso. Nitaitika. Siku zote nitaitika."

Kisha nikabaki hivyohivyo, macho chini. Hapo ndipo penye kazi kwa kiziwi. Ukiinamisha macho, dunia nzima imefungwa. Niliona nyasi. Niliona miguu ya Ma Paskazia ikijivuta, ikiinuka, na moyo ukaniambia, haya, mlango tena.

Kisha nikaona magoti. Yalishuka kwenye nyasi, moja, halafu kwa shida la pili, yakatua mbele ya magoti yangu. Mama yule alikuwa haendi tena kisimani kwa ajili ya magoti hayo. Vidole vinavyonuka senene vikanishika kidevu, vikaniinua uso, na uso wake ukawa hapo, sawa na wangu.

"Nitazame," alisema, polepole, nikaliona lote. Halafu: "Hata mvua husikii?"

"Hata mvua, Mama."

"Hata kengele ya kanisa?"

"Hata kengele."

"Hata mimi nikigomba?"

"Hata ukigomba."

"Basi umepata nafuu," alisema, akacheka, na kicheko chake kikageuka kilio katikati ya njia. Hakuniachia kidevu. "Lile jani," alisema. "Jamani waitu, lile jani dogo. Mwanangu mmoja alishakwenda. Nilimwogopea huyu."

"Najua, Mama."

Nilimsaidia kurudi kwenye kigoda, nikasogeza ungo, tukaanza kunyonyoa, yeye mabawa, mimi miguu. Hakuongea, mikono yake ina kazi, nami sikumwomba aongee. Nilitazama kazi yangu. Sikujua kwamba yale niliyomweleza niliyapiga kelele mpaka yakavuka ua, sembuse jikoni.

Vidole viwili vikanigonga begani. Vidogo.

Niligeuka. Kemi alikuwa ameshajirusha nyuma, hatua moja, mbili, tatu, na moyo wangu, ambao haujifunzi upesi, ulidondoka. Akasimama penye mwanga wa mlango. Akapangusa machozi ili nimwone uso vizuri. Akafungua mdomo taratibu, akaniita mama, akanyamaza, akaniita tena, na tena, na tena.

Niliitika mara nne.